Ngoma na Mama: Je, Hivi ni Vina?

Mhariri wa jarida letu aliniruhusu kuandika juu ya chochote kinachohusu ushairi, mradi nisirudie ile makala ya "Kiswahili ni tunu yetu" ambayo nadhani sote tumeisoma mara nne. Basi nimechagua neno moja tu, ngoma. Nataka tulitafutie vina: vile vinavyolingana nalo barabara, vile vinavyolikaribia tu, na vile ambavyo ni afadhali kuviacha palepale vilipo.

Mbona ngoma? Kwa sababu ni neno zito. Ngoma ni kile chombo kilichowambwa ngozi, ni mchezo wenyewe wa kuchezwa, na ni shughuli nzima pamoja na watu wake, pilau yake na vigelegele vyake. Ukisema "leo usiku kuna ngoma", hakuna atakayekuuliza ni ipi kati ya hizo tatu. Tena si neno letu peke yetu. Waganda husema engoma, Warundi na Wanyarwanda husema ingoma, na kwa Wanyarwanda laweza kumaanisha hata utawala wa mfalme. Wazulu nao wana ingoma yao, ila kwao ni wimbo au mchezo. Neno kubwa namna hii likikaa mwishoni mwa mshororo, msikilizaji hutega sikio akingoja aletewe mwenzake. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Taabu hiyo imetupunguzia mwanachama. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye jina lake nalihifadhi, alileta shairi lake katika mkutano wetu wa Jumatano. Lilihusu ngoma za arusi huko kwao. Katika ubeti wa kwanza, mshororo wa mwanzo ulimalizikia kwa ngoma, wa pili kwa mama, wa tatu kwa heshima na wa nne kwa kutazama. Lo! Wakubwa wakamrukia. "Hilo ni guni!" "Ngoma na heshima wapi na wapi?" "Nenda katafute vina kwanza!" Mtoto wa watu akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, na mpaka ninapoandika haya hajarudi chamani.

Mimi nasema wazi, na wakubwa wanisamehe: kwa sheria, yule msichana alikuwa sawa kabisa. Lakini nasema pia kwamba masikio ya wakubwa hayakuwadanganya. Wote wawili wana haki, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Tuanze na sheria. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Silabi inayofunga ukwapi ni kina cha kati, na ile inayofunga utao ni kina cha mwisho. Haya yameandikwa tangu zamani. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichapishwa mwaka wa 1954, na walimu wetu bado wanatufunza mambo hayohayo. Sasa tazameni vizuri: kinachotakiwa ni silabi ya mwisho. Hakuna mahali pameandikwa silabi mbili. Ngoma ni ngo-ma. Kina chake ni ma. Basi mama ni halali, heshima ni halali, kutazama ni halali, hata kisima na yatima zikitaka kuingia ziingie.

Hapa nitoe tahadhari kidogo kwa wenzangu wa vidato vya chini, maana nimeona wengine wakihesabu n-go-ma, mizani tatu. Sivyo. Ile n imeshikana na g, haisimami peke yake kama m ya mto (m-to) au n ya nchi (n-chi). Ngoma ni mizani mbili. Kwa sababu hiyohiyo, omba hailingani na ngoma ingawa zote mbili huvumia puani. Omba ni o-mba, kina chake ni mba. Ukiziweka pamoja, hapo kweli umetunga guni na sitakutetea.

Haya, kama sheria inaridhika na ma tu, mbona wakubwa walikunja nyuso? Jibu liko kwenye mkazo. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache sana. Hebu sema kwa sauti: NGOma. MAma. heSHIma. kutaZAma. Unasikia? Silabi inayopigwa kwa nguvu ni ngo, ni ma ya kwanza, ni shi, ni za. Ile ma ya mwisho inayotafutwa na sheria hutamkwa kwa ulegevu, karibu imezwe. Kwa hiyo sheria inatazama mahali pamoja na sikio linatazama pengine. Mtu akisoma ubeti kwa sauti ya kawaida, sikio hushika o ya ngoma na kungoja o nyingine, kisha linaletewa i ya heshima. Linahisi limepunjwa.

Waingereza sheria yao ni tofauti. Katika somo lao tumefunzwa kwamba maneno hulingana kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kwa kipimo hicho, ngoma na mama hazina undugu wowote, na nadhani wakubwa wetu walikuwa wakilipima shairi la Kiswahili kwa kibaba cha Kiingereza bila wao kujijua.

Sasa tujaribu kukitumia kipimo hicho kikali, tuone tutavuna nini. Tunataka maneno yanayoishia kwa -oma. Nimetumia likizo nzima ya Agosti kuyakusanya. Vitenzi kwanza: soma, choma, koma, goma, koroma. Kisha nomino: homa, boma, ukoma, diploma, moma (yule nyoka mwenye sumu kali, si mchezo), na makoma, matunda ya mkoma. Miji nayo imo: Dodoma, Kigoma, Musoma, Goma ya kule Kongo, na Roma. Kuna goma, ule mchezo wa wanaume wa Lamu ambao husimama safu wakiwa na bakora zao. Na kuna noma, ambalo mwalimu hatalipitisha katika insha lakini mtaani linafanya kazi usiku na mchana. Kigoma, vigoma na magoma siyahesabu, kwani ukiyatumia utakuwa umelilinganisha neno na kivuli chake. Mengine mnaweza kuniletea, lakini kwangu mimi hesabu haikufika ishirini.

Nikaelewa basi kwa nini sheria ilikuwa pole. Fikirieni utenzi. Katika utenzi, mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti huwa na kina chake, lakini kina cha mshororo wa mwisho hurudiwa katika ubeti baada ya ubeti hadi tamati. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, una beti 102 katika nakala zinazojulikana sana. Mtu akitaka kutunga kazi ya urefu huo kwa -oma, atakuwa amemaliza maneno kabla ya ubeti wa ishirini, na zilizobaki atajaza moma na Musoma. Lakini kwa ma, hata beti mia tano ni kazi ya kufanyika. Lugha yetu ina vitenzi vingi mno vyenye ma mwishoni: sema, lima, hama, tuma, pima, inama, simama, zama, tetema, lalama. Kisha kuna nomino tulizochukua kutoka Kiarabu: huruma, heshima, hekima, neema, karama, lawama, rehema. Kina cha silabi moja ni rahisi kukipata. Cha silabi mbili ni cha kuwindwa.

Lakini urahisi peke yake si sababu ya kutosha, au niseme kwamba haikunitosha mimi. Sababu nyingine nimeipata nyumbani.

Nyanya yangu, mzaa mama, ni mpiga chapuo. Nilipokuwa mdogo, kundi lao la ngoma lilikuwa na wanawake zaidi ya kumi, na arusi nyingi za mtaa wetu ziliwangoja wao. Sasa wamebaki wanne. Yule mwenzao aliyekuwa akiwatungia nyimbo alifariki mwaka jana, na nyingi zilikuwa kichwani mwake tu, zimekwenda naye. Mwezi wa Desemba binamu yangu anaolewa. Basi nyanya akaniita akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe si wasoma mashairi huko shuleni? Tutungie beti tatu. Lakini ziimbike, usiniletee za kusoma." Nikamwambia, "Nimesikia, nyanya." Nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Nyanya hajui kusoma wala hajapata kusikia neno arudhi. Kipimo chake ni kimoja. Ukimpa ubeti, husikiliza ameinamisha kichwa, kisha husema ama "Unaitika" ama "Hauitiki". Basi. Hana maelezo mengine, na ukimwomba anakutazama tu. Nilimsomea ubeti huu:

Bibi harusi karibu, leo twakupa heshima,
Usiingiwe aibu, simama nyuma ya mama,
Mashangazi na mababu, wote waje kutazama,
Furaha haina tabu, itikieni kwa ngoma.

"Hauitiki," akasema.

Nikahesabu mizani mbele yake kwa vidole, nane nane, hazikupungua. Vina vya kati bu, bu, bu, bu. Vya mwisho ma, ma, ma, ma. Nikamwambia, nyanya, kwa sheria huu ni ubeti kamili. Hakubishana nami. Aliivuta chapuo yake akaipakata, akapiga kidogo kutafuta mwendo, kisha akauimba ubeti uleule, nilioutunga mimi, bila kubadilisha hata neno moja. Lakini kila alipofika mwisho wa mshororo aliivuta ile silabi: heshimaaa, mamaaa, kutazamaaa, ngomaaa. Kwa kuvutwa hivyo, ule mkazo wa shi na wa za ukapotea, na kilichobaki hewani kila mara kikawa ma. Alipomaliza akasema, "Sasa unaitika."

Nilikaa nikilifikiria jambo hilo siku kadhaa. Ubeti ni uleule, mwamuzi ni yuleyule, na hukumu zimekuwa mbili. Tofauti ilikuwa moja tu: mara ya kwanza ulisomwa, mara ya pili uliimbwa. Mashairi yetu ya zamani yalitungwa yaimbwe au yaghanwe, na katika kuimba silabi ya mwisho ndiyo inayokaa masikioni kwa muda mrefu. Ndiyo sababu sheria inailinda hiyo na kuiacha ile nyingine. Sheria si ya mtu aliyeketi dawatini akisoma kwa macho. Ni ya mtu anayevuta sauti huku wengine wakingoja kuitikia.

Yule msichana wetu alilisoma shairi lake, hakuliimba. Alilisoma kwa sauti ndogo, haraka haraka kwa woga, na ma zake zote zikamezwa. Nimempelekea habari kupitia rafiki yake kwamba alilete tena na aliimbe. Wakubwa wakisema hauitiki baada ya hapo, basi nitawapeleka kwa nyanya.

Je, tuseme basi kwamba -oma haina kazi? La hasha. Siku hizi mashairi mengi tunayatunga yasomwe. Yako jaridani humu, yako vitabuni, yako kwenye karatasi ya mtihani ambapo hakuna anayeimba labda mtahini akiwa peke yake nyumbani. Msomaji wa namna hiyo analisikia neno kwa mkazo wake wa kawaida, na kina cha silabi mbili humpa raha ambayo cha silabi moja hakiwezi. Kwa jarida hili nilitunga ubeti wa kusomwa, nao ni huu:

Nyanya yuko barazani, jioni apiga ngoma,
Wajukuu tu chumbani, vitabu vyetu twasoma,
Sauti iko hewani, hata akiwa na homa,
Mlio huja moyoni, mikono haijakoma.

Usome bila kuimba uone. Kila utao unagonga palepale: ngo, so, ho, ko. Sitaki kujisifu, lakini hapa wakubwa hawatakuwa na la kusema.

Kati ya hizo ncha mbili, yaani -oma kamili na ma tupu, kuna ngazi. Si kila neno la ma liko mbali na ngoma kwa umbali uleule. Mnakumbuka zile irabu za kidato cha kwanza, mwalimu akitulazimisha kutazamana midomo? I na e hutamkwa mbele ya kinywa na midomo imetandazwa. A iko katikati, chini. O na u hutamkwa nyuma na midomo imeviringwa. Kwa hiyo jirani wa karibu zaidi wa -oma ni -uma: vuma, nyuma, chuma, huruma, tuhuma, dhuluma, unguruma. Baada ya hapo -ama. Wa mbali kabisa ni -ema na -ima. Ngoma na vuma zikiwekwa pamoja, msomaji wa kawaida hata hatambui kwamba si kina cha silabi mbili. Tena zinafaana kwa maana, maana ngoma kazi yake ni kuvuma. Si ajabu wahenga walizitia katika methali moja, ngoma ivumayo haidumu. Nasi tukipungukiwa na -oma, twende kwanza kwa -uma kabla ya kukimbilia heshima na hekima. Mimi nikiwa na mishororo minne ya kusomwa, naridhika na miwili ya -oma na miwili ya -uma, mradi ule wa mwisho, kibwagizo, uwe wa -oma. Hiyo ni rai yangu tu, haimo katika kitabu chochote.

Sasa nije kwenye hatari, na hatari hii nimeiona kwa macho yangu. Ukishakuwa na orodha ya maneno ishirini mkononi, orodha huanza kukutungia shairi. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja aliomba nimwazime orodha yangu ili naye atunge juu ya arusi. Alichukua robo saa tu. Kwa ruhusa yake nauweka hapa:

Watu walijaa sana, wakisikiliza ngoma,
Nasi sote wavulana, mahindi tukayachoma,
Bwana arusi kijana, katoka kwao Dodoma,
Ilipofika mchana, kucheza kulishakoma.

Mizani timamu. Vina timamu, tena vya silabi mbili. Lakini ni arusi gani hiyo ya Pwani ambapo wavulana wamejitenga wakichoma mahindi? Nikamuuliza, huyo bwana arusi wa Dodoma ni nani? Akacheka. Bwana arusi mwenyewe ni wa Mtwapa, anamjua fika, walicheza mpira pamoja. Alikwenda Dodoma kwa nguvu za kina. Na ngoma imekoma mchana kwa sababu koma lilikuwa ndilo neno lililobaki, ilhali arusini ngoma ya maana huanza usiku. Mtu aliyekuwepo arusini akiusoma ubeti huu hatajiona ndani yake.

Kwa hiyo mimi nikikuta neno la -oma najiuliza swali moja: je, kitu hiki kilikuwepo? Katika ule ubeti wangu wa nyanya, homa ilikuwepo. Nyanya alikuwa na homa wiki ile, akapiga vilevile hata mama akamkanya. Kusoma kulikuwepo, maana chumba chetu cha kusomea kinapakana na baraza. Kama homa haingekuwepo nisingeitia, ningetafuta huruma au nyuma nikawa na kina cha karibu badala ya kina kamili. Kina cha karibu chenye ukweli kinanipendeza kuliko kina kamili cha Dodoma. Naomba ndugu zetu wa Dodoma wasinielewe vibaya.

Wengine watasema, mshairi ana uhuru wake. Kweli, anao. Kuna inkisari ya kulifupisha neno, kuna mazda ya kulirefusha, kuna kuboronga sarufi na kuna tabdila. Kwa neno letu hili, linalofaa zaidi ni kuboronga sarufi. Mtu amekwama na "vizuri hulia ngoma", hana mwenzake wa -oma. Basi aupindue utao useme "ngoma vizuri hulia". Mizani bado ni 8, lakini kina kimehama kutoka ma kwenda a ya lia, na hapo amefungua ghala: pia, njia, dunia, sikia, tulia, ingia, bahati mbaya hata hesabu ya kulia. Neno ngoma limo shairini vilevile, limesogea tu kutoka mlangoni. Nadhani huu ndio ujanja ambao wanafunzi wengi wanausahau. Si lazima neno kuu la shairi liwe ndilo la kufunga mshororo.

Tabdila ndiyo ya kuogopwa. Mwenzetu mmoja aliandika mgoma akimaanisha mgomo, ili apate kulingana na ngoma, akadai ni tabdila. Mwalimu mlezi wa chama hakumkemea. Alimuuliza tu, "Na mkono nao ukitakiwa na kina cha na, utakuwa mkona?" Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka pia, akafuta.

Kabla sijaweka kalamu chini, neno moja juu ya ndugu wengine wa ngoma, kwani si lazima kila shairi la mchezo liwe na ngoma mwishoni. Cheza ni rahisi mno, kwa sababu sarufi yenyewe inatuzalishia -eza kila tunaponyambua: pendeza, poteza, sogeza, tembeza, elekeza. Unaweza kuandika kutwa. Ni rahisi hata haifurahishi. Lelemama, ule mchezo wa akina mama wa Mombasa ambao vyama vyao viliwahi kushindana vikali, una -ama yake: salama, alama, lawama, tazama, nyama. Chakacha ina acha, pacha na chacha, kisha basi, ingawa pacha ni neno zuri kwa wachezaji wawili waliovaa leso sare. Densi sikulipatia hata moja la silabi mbili. Atakayetunga shairi la densi aridhike na si: upesi, kiasi, nyeusi, arusi. Liimbwe, si kusomwa.

Beti mbili za nyanya zimekwisha kukubaliwa. Wa kwanza ni ule wa bibi harusi, na wa pili siuweki hapa kwa sababu unawataja wakwe kwa majina. Umebaki wa tatu, wa kufungia, na kwa huo nyanya ametia sharti jipya. Anataka mishororo yote minne iishie kwa -oma, ya kweli, kwa sababu anasema wakati huo wote watakuwa wamechoka kuvuta sauti na watausema haraka haraka kwa kupokezana. Nimeshatumia ngoma, koma na boma. Katika orodha yangu yale ninayoweza kuyatumia bila kusema uongo yamekwisha. Yaliyobaki ni ukoma, moma na koroma. Nyoka na maradhi havikaribishwi arusini. Kukoroma, nyanya anasema, kunawezekana, kwa kuwa mjomba wangu husinzia katika kila arusi kabla ya saa nne usiku na kila mtu anamjua. Nimekwishamwandikia utao wake. Bado hajaambiwa.